Tunabadilisha Oili, Lakini Hatuisomi

Kuna kijikaratasi ambacho hubandikwa kwenye kioo cha mbele cha karibu kila gari linalolala katika mitaa ya Buruburu, Umoja, Donholm na Kayole. Fundi huandika humo tarehe, idadi ya kilomita ambazo gari lilikuwa limekwenda siku ya kubadilisha oili, na idadi litakayokuwa limetimiza litakapotakiwa kurudi. Tofauti baina ya tarakimu hizo mbili aghalabu ni 5,000. Mwenye gari hukiheshimu kijikaratasi hicho kama mgonjwa anavyoiheshimu hati ya daktari: haielewi, na wala haihoji. Kwa miaka mingi nami sikukihoji changu.

Leo nataka kukihoji, na ningependa walimu wenzangu pamoja na wanafunzi wao wanisaidie. Mimi si makanika. Nafundisha Kiswahili, na neno mnato nililijua katika kamusi kabla ya kulijua katika injini. Hata hivyo, jambo hili limeacha kuwa la makanika peke yao. Zamani gari katika mitaa ya Eastlands lilikuwa la mwenye duka, la mwenye matatu, au la mkubwa wa serikali aliyekuja kumjulia mamake hali. Siku hizi ukipita Jumapili jioni kando ya nyumba za Buruburu, ambazo zilipojengwa miaka ya 1970 hazikutengewa nafasi ya magari mengi kiasi hiki, utayakuta yameegeshwa hadi ukingoni mwa mitaro, na mengi ya hayo yamenunuliwa kwa mikopo ya vyama vya ushirika vya akiba. Mwalimu hukatwa mshahara kwa miaka mitatu au minne. Injini ikifa mwaka wa kwanza, makato hayafi nayo.

Nayasema haya kwa sababu yalinipata. Mnamo mwaka 2013 nilinunua gari dogo la Kijapani kwa mtu ambaye alikuwa amelitumia hapa Nairobi kwa miaka kadhaa. Siku nilipolikagua, injini ilinguruma kwa utulivu wa paka aliyeshiba. Hapakuwa na moshi. Taa nyekundu ya oili ilizimika mara tu injini ilipowaka. Nilitia sahihi, nikarudi nyumbani na furaha ya bwana harusi. Miezi miwili baadaye nililipeleka gari kwa fundi mmoja wa Kariobangi Light Industries abadilishe oili. Akavuta kijiti cha kupimia, akasugua tone baina ya kidole gumba na cha shahada, akaniuliza, "Mwalimu, nani alikuwekea uji huu?"

Akaumwaga uji ule, akaweka oili ya daraja iliyotajwa na mtengenezaji. Asubuhi iliyofuata, nilipowasha gari, moshi wa samawati ulifunika lango la jirani. Baada ya majuma sita nikaanza kusikia mgogoto mzito kutoka chini ya injini kila nilipokanyaga mafuta. Zilikuwa beringi za kranki. Injini nyingine iliyotumika, iliyong'olewa katika gari jingine huko Japani, pamoja na kazi ya kuifunga, ilinigharimu zaidi ya mishahara miwili, ilhali mkopo wa kwanza ulikuwa umebakisha miezi 31.

Muuzaji hakuniambia uongo wowote. Kazi yote ya kunidanganya aliiachia oili. Ili kuelewa alivyofanya, yafaa tukumbuke kazi ya kwanza ya oili, nayo ni kukaa baina ya vyuma viwili viendavyo kasi ili visigusane. Utando wake ndani ya beringi ni mwembamba kuliko unywele. Beringi ikiliwa, nafasi hupanuka, oili huponyoka kandokando, na shinikizo hushuka. Sasa ukiweka oili nzito kupita kiasi, huponyoka polepole. Shinikizo hupanda tena, mlio hufifia, na ringi za pistoni zilizochakaa huipitisha kidogo zaidi kwenda kuungua, kwa hiyo moshi hupungua. Injini haijapona. Imefungwa mdomo tu, na itakaa kimya kwa muda unaotosha gari kubadilisha mikono.

Hila hii hufaulu kwa urahisi mitaani kwetu kwa sababu inalingana na imani tuliyo nayo tayari, kwamba oili nzito ndiyo inayolinda injini. Imani hiyo ina asili yake. Magari ambayo wengi wetu tulikua tukiyaona, mathalani Peugeot 404 na 504 zilizobeba abiria kwenda mashambani, yalikuwa na injini zenye nafasi pana, na 20W-50 ziliyafaa. Lakini magari yaliyojaa sasa katika barabara ya Jogoo ni ya namna nyingine. Chukua injini ya 1NZ ya lita 1.5, iliyo ndani ya Probox nyingi na baadhi ya Premio na Allion. Injini hii haitumii oili kwa kulainisha peke yake. Huitumia pia kama mkono wa kusukuma: shinikizo la oili ndilo linalogeuza mtambo wa kurekebisha wakati wa kufunguka kwa vali, na oili hiyo hupitia kichujio kidogo chenye wavu mwembamba sana. Ukiipa uji, mkono huo huwa mzito, na uchafu ukiziba wavu, gari hupoteza nguvu huku mwenyewe akilaumu petroli.

Tarakimu zilizo juu ya mkebe si siri ya watu wachache. Zilianza na chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, kilichotoa utaratibu wa kwanza wa kuzipanga oili kwa mnato mwaka 1911. Katika 15W-40, herufi W ni ya majira ya baridi. Tarakimu iliyo mbele yake inaeleza jinsi oili inavyotiririka ikiwa baridi, na ile ya nyuma inaeleza mnato wake injini ikiwa imepata moto. Wapo wanaosema kwamba Nairobi haina theluji, kwa hiyo tarakimu ya kwanza haituhusu. Sikubaliani nao. Oili ya kawaida ya 15W-40 ikiwa na joto la nyuzi 40 huwa na mnato kama mara 7 ya ule ilio nao ikifika nyuzi 100, na asubuhi ya Julai hapa Nairobi haifiki hata hizo 40. Huwa nyuzi 12 hivi. Sekunde zile za kwanza baada ya kuwasha, kabla oili haijafika juu, zina mchango mkubwa katika ulikaji wa injini. Kwa injini ya Kijapani iliyo na afya, mimi nitachagua 5W-30, au nyepesi zaidi kitabu kikisema hivyo. Iliyochoka kidogo naweza kuipa 10W-40, mradi nijue kwamba ninaipa mkongojo.

Kuna herufi nyingine ambazo wanunuzi huziruka, na kwa maoni yangu zina uzito kuliko jina la kampuni lililochapishwa kwa rangi. Ni zile za taasisi ya mafuta ya Marekani, API. S ni ya injini za petroli, C ni ya dizeli, na herufi inayofuata huonyesha kizazi. SF ilikusudiwa injini za kabla ya 1989. SN ilikuja mwaka 2010, na SP mwaka 2020. Nimeiona SF kwenye rafu za maduka ya vipuri ya mtaani, imesimama bega kwa bega na SN, na muuzaji akimwambia mteja kwamba oili ni oili. Na ile inayochotwa katika pipa na kuuzwa kwa kupimwa haina herufi yoyote unayoweza kuisoma. Inawezekana ni nzuri. Lakini mtu anayelipa mkopo wa miaka minne hawezi kuuweka rehani kwa neno hilo "inawezekana".

Turudi kwenye zile kilomita 5,000. Mtu aishiye Umoja huenda mjini kwa safari isiyozidi kilomita 15, na mvua ikinyesha anaweza kuitumia saa nzima na zaidi, injini ikiwaka muda wote huo. Wanafunzi na wafanye hesabu hii. Gari linalokwenda Machakos kila siku kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa litamaliza kilomita 5,000 baada ya saa 100. La Umoja, kwa wastani wa kilomita 20, litafanya kazi kwa saa 250 kabla ya kufika hapo. Kijikaratasi kinayahesabu magari hayo mawili kuwa sawa.

Najua fundi mwerevu atanipinga, na ana haki. Saa ya kusimama katika foleni, injini ikizunguka mara 700 au 800 kwa dakika, si sawa na saa ya kupanda mlima. Hesabu ya saa hutia chumvi. Kwa hiyo kipimo ninachokipendelea ni lita za mafuta zilizochomwa, maana karibu kila kinachoharibu oili, yaani masizi, maji, asidi na petroli isiyoungua, hutokana na mafuta hayo. Gari likienda kilomita 12.5 kwa lita, kilomita 5,000 ni lita 400. Likikwama katika msongamano na kushuka hadi kilomita 8 kwa lita, lita 400 hizo huisha likiwa limekwenda kilomita 3,200 tu. Weka risiti zako za petroli ndani ya bahasha. Zikifika lita 400, nenda kwa fundi, hata kama kijikaratasi kinakuambia ungali na muda. Na yule wa Machakos, mwenye oili nzuri, asione haya kungojea zaidi ya 5,000 ikiwa kitabu cha gari kinamruhusu.

Yafaa kusema pia kwamba kanuni ya 5,000 ilirithiwa kutoka nyakati ambazo mafuta yetu yalikuwa machafu zaidi. Salfa iliyo katika dizeli huungua na kufanya asidi pamoja na maji, na oili hubeba besi ya kuipooza. Besi ikiisha, asidi huanza kula chuma. Mwaka 2015 Kenya na majirani zake wa Afrika Mashariki waliingia katika dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Hiyo ilikuwa nafuu kubwa kwa injini na kwa mapafu. Nafuu hiyo hupotea pale mtu anapochanganya dizeli na mafuta ya taa, uovu ambao serikali ilijaribu kuuzuia mwaka 2018 kwa kutoza ada ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, na walioumia zaidi, kwa maoni yangu, wakawa mama wa Dandora na Kayole waliokuwa wakiyapikia.

Maadamu oili inachakaa kwa kasi inayotofautiana kutoka gari hadi gari, dawa ni kuisoma. Wenye mitambo mikubwa walilijua hili zamani. Mnamo 1946 shirika la reli la Denver and Rio Grande Western huko Marekani lilianza kupima oili chafu ya injini zake za treni katika maabara, kwa kuichoma na kutazama rangi za mwanga wake. Kila metali ina rangi zake. Chuma kikizidi, silinda zinalika. Risasi na shaba zikizidi, beringi zinalika. Silikoni ikizidi, vumbi linaingia. Injini ilikuwa ikikiri maradhi yake kabla ya kuanguka. Hata leo kampuni zenye malori mengi hupeleka sampuli maabara kwa njia hiyo.

Mwalimu wa Umoja hana maabara hiyo, lakini ana macho. Kipimo cha kwanza ni daftari. Kila Jumamosi asubuhi, gari likiwa mahali tambarare na injini ikiwa baridi, vuta kijiti, kifute, kirudishe, kivute tena, uandike oili imefika wapi. Baadhi ya watengenezaji husema kwamba injini ikila lita moja kwa kilomita 1,000 imefika ukingoni. Mimi sijali sana ukingo; najali mwendo. Injini iliyokuwa ikila robo lita baina ya huduma mbili, kisha ikaanza kula nusu, imekuambia jambo, hata kama haijatoa moshi. Injini ya 1NZ niliyoitaja huchukua lita 3.7 pamoja na kichujio kipya, kwa hiyo mkebe wa lita 4 hukuachia akiba ndogo. Ukiona akiba hiyo imekwisha mapema kuliko safari iliyopita, liandike hilo.

Rangi nayo yataka kusomwa kwa hadhari. Wengi hudhani kwamba oili ikiwa nyeusi imekufa. Katika injini ya dizeli huweza kuwa nyeusi siku hiyo hiyo, na weusi huo ni ushahidi kwamba sabuni iliyomo inafanya kazi yake ya kubeba masizi. Rangi ya kuogopa ni ile ya chai ya maziwa, kwani ina maana kwamba maji yameingia. Na harufu ya kuogopa ni ya petroli kwenye kijiti.

Kipimo kinachonifurahisha kuliko vyote nilifundishwa na mwenzangu afundishaye kemia. Katika mtaala wa 8-4-4 wanafunzi wa kidato cha kwanza walifundishwa kromatografia kwa kudondosha wino juu ya karatasi ya kuchujia. Badala ya wino, dondosha tone moja la oili kutoka kwenye kijiti, injini ikiwa na moto. Iweke karatasi mahali tulivu hadi kesho yake. Oili ambayo sabuni yake ingali na nguvu husambaza masizi hadi mbali, na doa huwa la kijivu linalofifia polepole kuelekea nje. Oili iliyochoka huyaacha masizi katikati, nalo doa huwa na kiini cheusi chenye ukingo mkali, kama jicho. Njia hii hueleza zaidi kwa injini za dizeli, lakini hata kwa petroli hufunza. Siku ya kubadilisha oili, mwombe fundi akate kichujio cha zamani, mfungue karatasi yake na kupitisha sumaku. Unga laini wa kijivu ni wa kawaida. Vipande vinavyometameta si vya kawaida.

Vumbi tusilisahau. Barabara za ndani za Njiru na Ruai ambazo hazijatiwa lami hutimua mchanga laini, na mchanga huo ukipita katika kichujio cha hewa hugeuka msasa baina ya pistoni na silinda. Desturi ya kupuliza kichujio kwa hewa ya kompresa na kukirudisha, mara nyingine ikitoboa karatasi yake, ni akiba ya shilingi mia chache inayokula injini nzima.

Nimefika kwenye jambo linaloniudhi zaidi. Sheria ya kupambana na bidhaa bandia ilipitishwa mwaka 2008, na shirika la ukadiriaji wa ubora wa bidhaa huweka alama zake juu ya mikebe. Lakini mikebe yenyewe huenda wapi baada ya oili kumiminwa? Tunaiacha kwa fundi, kifuniko chake kikiwa kizima, na anayepita akikusanya mikebe hununua ile safi kwa bei nzuri kuliko iliyopasuka. Hainunui kwa ajili ya kupandia maua. Sisi wenyewe ndio tunaomwuzia mlaghai nguo za kuvalisha oili yake chafu. Tangu nilipoyatambua hayo huomba kisu, nikaukata mkebe wangu katikati papo hapo. Mwanzoni vijana wa gereji walinicheka. Sasa wananipa kisu kabla sijaomba.

Vijana hao wengine nimewafundisha. Huja Kariobangi baada ya kidato cha nne, wakajifunza kazi kwa kutazama, na mikono yao hulowa oili chafu kutwa nzima, kisha hunawa kwa petroli. Oili iliyokwisha kutumika ina kemikali zinazotokana na kuungua ambazo zinaweza kusababisha saratani ya ngozi, na hakuna aliyewaambia. Inayobaki hupakwa mbao ili zisiliwe na mchwa, au humwagwa mtaroni, na mitaro ya Eastlands huishia katika mto Nairobi na mto Ngong. Jozi ya glavu na pipa la kukusanyia si gharama ya kumfilisi mwenye gereji. Kadhalika mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, NITA, ina mitihani ya daraja ambayo kijana aliyejifunza kazini anaweza kuifanya apate cheti. Ningetamani kila mwalimu wa ushauri nasaha katika shule zetu aijue kama anavyojua majina ya vyuo vikuu.

Mwenzangu wa kemia na mimi tulianza jambo dogo muhula uliopita. Wanafunzi waliombwa kuleta tone la oili kutoka gari lolote ambalo mwenyewe ameruhusu, pamoja na idadi ya kilomita na aina ya mafuta. Zimekuja karatasi 23, nazo zimebandikwa katika ukuta wa maabara: teksi, pikipiki mbili, Probox ya muuza mayai, gari langu. Kubwa kuliko zote ni ya basi la shule. Ina kiini cheusi tititi chenye ukingo mkali, ilhali kijikaratasi cha kwenye kioo cha basi hilo kinaonyesha kwamba bado lina kilomita 1,900 kabla ya huduma. Tumemwandikia mwalimu mkuu barua, tukaambatanisha karatasi yenyewe. Ameiita kamati ya usafiri ikutane Ijumaa, na dereva ameombwa aje na risiti zake za dizeli.